Namna ya Kumtambua Isis wa Misri ya Kale na Kuielewa Nafasi Yake

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa makumbusho wenye vitu vya Misri ya kale, au anayefungua kitabu chenye picha za makaburi ya Luxor, hukutana na wanawake wengi waliochorwa karibu kwa sura moja. Wote ni wembamba, wamevaa magauni ya kubana, macho yametiwa wanja, mkono mmoja umeshika fimbo na mwingine umeshika ile alama ya uhai inayofanana na msalaba wenye kitanzi juu. Nyuso zao hazisaidii kitu, kwa sababu wachoraji wa Misri hawakuwa na desturi ya kumtenga mungu mmoja na mwingine kwa umbo la pua au midomo. Kazi hiyo waliiachia alama inayokaa juu ya kichwa na maandishi yanayosimama kando yake.

Mwongozo huu unamhusu Isis, ambaye jina lake la Kimisri wataalamu huliandika Aset, na umekusudiwa kwa msomaji anayetaka kumtambua kwa macho yake mwenyewe na kuweza kueleza kwa nini aliheshimiwa kwa muda unaokaribia miaka 3,000. Vitabu vingi humwelezea kwa kupanga sifa zake moja baada ya nyingine: mama, mjane, mponyaji, bingwa wa uchawi, mlinzi wa mabaharia. Msomaji humaliza orodha hiyo bila kuona kinachoziunganisha. Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kuanza na kitu anachokibeba kichwani, yaani kiti, na kukishikilia hicho mpaka mwisho.

Tazama juu ya nywele, kisha soma jina

Katika picha za kale Isis hubeba kiti kimoja kinachoonekana kwa ubavu: msingi wenye pembe nne kama sanduku, na egemeo fupi lililosimama nyuma yake. Wengi wanaokiona kwa mara ya kwanza hukidhania kuwa ngazi yenye vidaraja viwili. Kiti hicho ni zaidi ya pambo, kwa kuwa ni alama ya maandishi, na ndicho kinacholiandika jina lake.

Ukishakiona, tafuta jina lenyewe katika safu ya maandishi iliyo karibu na kichwa. Kabla ya kusoma, angalia watu na wanyama waliomo katika maandishi wanaelekea wapi, maana maandishi ya Misri husomwa kwa kuziendea nyuso zao: wakitazama kulia, anza kulia. Jina la Isis lina alama ya kiti, kisha nusu duara ndogo ambayo ni mkate na hutoa sauti ya t, na mara nyingi yai au umbo la mwanamke aliyeketi, ambavyo humjulisha msomaji kwamba anayetajwa ni mungu wa kike. Kiti hicho hicho kikiambatana na jicho, jina ni la Osiris, mumewe. Dada yake, Nephthys, ambaye husimama naye katika picha nyingi za mazishi kiasi kwamba mtu huwadhania mapacha, hubeba kichwani kikapu kilichowekwa juu ya mstatili, na alama hizo mbili zikisomwa pamoja maana yake ni "bibi wa nyumba".

Tatizo huja na pembe. Tangu Ufalme Mpya, ulioanza yapata mwaka 1550 K.K., Isis alianza kuonyeshwa akiwa na pembe za ng'ombe zinazozunguka sahani ya jua, na pembe hizo asili yake ni za Hathor, mungu wa kike wa muziki, mapenzi na furaha. Mfano mzuri umo katika kaburi la Malkia Nefertari, lililogunduliwa na Ernesto Schiaparelli mwaka 1904, ambamo Isis anamwongoza malkia kwa kumshika mkono huku amevaa pembe na jua. Anayetegemea pembe peke yake atamwita Hathor na atakosea. Hapo ndipo maandishi yanapookoa, kwa sababu jina la Hathor huandikwa kwa kipanga aliyefungiwa ndani ya mraba, na maana yake ni "nyumba ya Horus", ilhali la Isis huandikwa kwa kiti. Pembe ni vazi linaloweza kuazimwa, jina haliazimwi.

Mabawa nayo yanahitaji tahadhari. Isis hukunjua mabawa yake juu ya majeneza, lakini Nephthys hufanya vivyo hivyo, na Maat, mungu wa kike wa haki mwenye unyoya kichwani, pia huwa na mabawa. Ikiwa sanamu haina jina lolote, na inamwonyesha mwanamke aliyeketi akimnyonyesha mtoto wa kiume mapajani, uwezekano mkubwa ni kwamba huyo ni Isis na mwanawe Horus. Sanamu ndogo za shaba za namna hiyo zilitengenezwa kwa wingi sana katika karne za mwisho kabla ya Kristo, na ni makumbusho machache yenye vitu vya Misri yasiyokuwa nayo hata moja.

Jiulize ni nani anayekikalia kiti

Msomaji wa Kiswahili ana wepesi fulani hapa. Sisi husema mtu amekalia kiti tukimaanisha kwamba ameshika mamlaka. Pwani, kiti cha enzi ni kitu cha kushikika, chenye egemeo refu na nakshi, alichowekewa mtu wa heshima. Na katika uganga wa pepo, yule anayepandwa na pepo huitwa kiti. Lugha yetu, kwa hiyo, imekwisha kuzoea wazo kwamba kiti kinaweza kuwa mtu, na kwamba anayebeba uwezo wa mwingine ana hadhi yake mwenyewe. Simaanishi kwamba desturi hizi zilitoka Misri. Nasema tu kwamba mlango huu tunaweza kuuingia bila kuinama.

Nchini Misri jambo lilikuwa hivi. Mfalme aliye hai alihesabiwa kuwa Horus, na mfalme aliyekufa alihesabiwa kuwa Osiris. Kila mfalme alipofariki na mrithi wake kushika nafasi, hadithi ile ile ilirudiwa: Osiris alikwenda kutawala wafu, na Horus alipanda kitini. Kati ya hao wawili alisimama mtu mmoja tu aliyewaunganisha, naye ni Isis, mke wa aliyekufa na mama wa anayetawala. Bila yeye marehemu hana mrithi na mrithi hana haki. Kiti kilicho kichwani mwake kinasema jambo hilo kwa mkato ambao maneno hayaufikii.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, tafuta picha za hekalu la Seti wa Kwanza huko Abydos, lililojengwa katika karne ya 13 K.K. Humo mfalme ameonyeshwa ameketi mapajani pa Isis kama mtoto, na mapaja ya mungu huyo yamekuwa ndicho kiti chake cha ufalme. Kisha tafuta mchoro mmoja wa ajabu kutoka kaburi la Thutmose wa Tatu, aliyefariki yapata mwaka 1425 K.K. Mti umechorwa kwa mistari myepesi, tawi lake limetoa titi, na mfalme ananyonya. Maandishi yanasema kwamba ananyonya kwa mama yake Isis. Utamu wa mchoro huo ni kwamba mama mzazi wa Thutmose naye aliitwa Isis, hivyo mtazamaji hawezi kuamua kama anayetajwa ni mungu au ni mwanamke aliyemzaa. Sidhani kwamba waliouchora walitaka aamue.

Wapo wataalamu wanaopinga kwamba jina la Isis lilimaanisha "kiti", wakisema kwamba alama ile ilitumika kuandika sauti tu. Huenda wana haki katika upande wa sarufi. Hata hivyo, walioshughulika na picha walikichukua kiti kwa uzito, wakakiweka kichwani mwake kizazi hadi kizazi, na anayesoma picha hana budi kufuata walichokifanya wachoraji.

Soma hadithi zake kwa kutenganisha vyanzo

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kusimulia habari ya Isis na Osiris kana kwamba Wamisri waliiandika yote mahali pamoja. Masimulizi yaliyopangwa tangu mwanzo hadi mwisho, yenye sanduku lililotupwa mtoni, safari ya Byblos na mwili uliokatwa vipande 14, tumeyapata kwa Plutarch, Mgiriki aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2 B.K. Wamisri wenyewe walikuwa wazito kuyataja mauaji ya Osiris waziwazi, kwa sababu kwao neno lililoandikwa ukutani lilikuwa na nguvu ya kutenda. Walipendelea kuandika kilichofuata: kutafutwa, kuliliwa, kufufuliwa na kurithiwa. Kwa hiyo unaposoma habari yoyote ya Isis, jiulize kwanza kama inatoka kwa Plutarch au kwa Wamisri, na kama ni ya Wamisri, ni ya wakati gani.

Miongoni mwa maandishi ya kale zaidi yanayomtaja ni yale ya piramidi, ambayo yalianza kuchongwa ndani ya piramidi ya Mfalme Unas huko Saqqara, yapata mwaka 2350 K.K. Katika maandishi hayo ya piramidi Isis na Nephthys wanakuja kwa sura ya mwewe, ndege ambaye sauti yake kali ya kupiga kelele iliwakumbusha Wamisri kilio cha wanawake msibani. Hapa ni vizuri kutowachanganya ndege wawili: Horus ni kipanga, mama yake ni mwewe. Karne nyingi baadaye, wimbo wa kumsifu Osiris uliochongwa kwenye jiwe la mtu aliyeitwa Amenmose, ambalo leo limo katika makumbusho ya Louvre mjini Paris, unasimulia jinsi Isis alivyomtafuta mumewe bila kuchoka, akamfanyia kivuli kwa manyoya yake na kumpepea pumzi kwa mabawa yake, kisha akachukua mimba ya mrithi. Mabawa unayoyaona kwenye majeneza yanatoka hapo. Kazi yake ni kurudisha pumzi.

Uombolezaji huo haukubaki katika nyimbo. Kuna andiko la mafunjo la karne ya 4 K.K., lililoko katika makumbusho ya Uingereza mjini London, linaloeleza namna ya kuendesha ibada ya maombolezo: watafutwe wanawake wawili walio safi, wapewe nywele za bandia na matari, na majina ya Isis na Nephthys yaandikwe mikononi mwao. Kwa muda wa ibada hiyo wanawake hao walikuwa wale dada wawili.

Hadithi mbili zastahili kusomwa polepole kuliko nyingine zote, kwa kuwa zinaonyesha akili ya Isis mahali ambapo picha huonyesha utulivu wake tu.

Ya kwanza imo katika andiko la mafunjo la wakati wa Ramses wa Tano, yapata mwaka 1145 K.K., nayo inahusu kesi ya urithi kati ya Horus na Seth, ami yake aliyemuua Osiris. Baraza la miungu limehamia kisiwani, na mvushaji, Nemty, ameamriwa asimvushe mwanamke yeyote anayefanana na Isis. Isis anajigeuza bibi kizee, anampa mvushaji mkate, naye anakataa. Anampa pete ya dhahabu, anakubali. Akishafika anajigeuza msichana mzuri, na Seth anamfuata. Msichana anamweleza shida yake: mume wake alikuwa mchungaji, akafa, mwanawe akawa anachunga ng'ombe wa baba yake, na sasa mgeni mmoja amekuja kumtisha mtoto na kutaka kuwachukua ng'ombe wale. Seth anauliza kwa hasira, inakuwaje mgeni apewe ng'ombe na mtoto wa kiume yupo? Papo hapo Isis anageuka mwewe, anaruka juu ya mgunga na kumwambia kwamba amejihukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Katika Kimisri neno la ng'ombe na neno la cheo yalikaribiana kwa sauti, na mtego wote ulijengwa juu ya mfanano huo. Ni hila ya lugha, na wapenzi wa vitendawili wataithamini. Ni vema pia kuona kinachogombewa: ni kiti. Hata katika mzaha, Isis hajaiacha kazi ya alama yake.

Ya pili imechongwa kwenye jiwe linaloitwa la Metternich, la wakati wa Nectanebo wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 360 mpaka 343 K.K., na sasa liko katika makumbusho ya Metropolitan mjini New York. Isis anasafiri kwa kujificha pamoja na nge saba wanaomlinda. Anafika penye nyumba ya mwanamke tajiri, ambaye anamwona na kumfungia mlango. Binti maskini wa huko kwenye madimbwi anamfungulia wake. Nge wanakasirika, wanakusanya sumu yao yote kwenye mwiba wa mmoja wao, Tefen, naye anapenya chini ya mlango na kumchoma mtoto wa yule tajiri. Mama anazunguka mjini akilia na hakuna anayemjibu. Isis anamhurumia, kwa sababu mtoto hana kosa, anaita sumu ya kila nge kwa jina na kuitoa. Mwanamke tajiri anampa binti maskini mali yake. Katika jiwe hilo hilo, Horus mwenyewe anachomwa na nge, na kilio cha Isis kinaisimamisha jahazi ya jua mbinguni mpaka Thoth, mungu wa hekima, anashuka kuleta dawa.

Angalia jinsi nguvu yake inavyofanya kazi: anajua majina. Andiko jingine, lililohifadhiwa Turin nchini Italia, linaeleza kwamba alimfinyanga nyoka kwa udongo na mate ya mungu wa jua, Ra, nyoka akamuuma Ra, na Isis akakataa kumtibu mpaka alipomwambia jina lake la siri. Anayemchukulia Isis kuwa mama mpole tu hajaisoma hadithi hii.

Usiishie kwa wafalme

Dini ya mahekalu makubwa ilikuwa mbali na mkulima wa kawaida, ambaye hakuruhusiwa kuingia vyumba vya ndani. Ili kupima uzito wa Isis katika maisha ya watu, yatazame makabati ya vitu vidogo ambayo wageni wengi huyapita haraka.

Tafuta kwanza hirizi nyekundu yenye umbo la fundo, inayofanana na ile alama ya uhai isipokuwa mikono yake imelala chini. Hilo ni fundo la Isis. Sura ya 156 ya Kitabu cha Wafu, yaani maandishi ya kumsaidia marehemu aliyozikwa nayo, inaagiza litengenezwe kwa yaspi nyekundu na livishwe shingoni mwa maiti siku ya mazishi, na maneno yanayosomwa juu yake yanaitaja damu ya Isis. Kisha tazama majeneza: Isis huchorwa miguuni na Nephthys kichwani, ili marehemu awe kati yao kama Osiris. Katika kasha la dhahabu lililohifadhi viungo vya ndani vya Tutankhamun, ambaye kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1922, Isis ni mmoja wa miungu wa kike wanne wanaokumbatia kuta kwa mikono iliyonyooshwa, nao wengine ni Nephthys, Neith na Serqet. Kiungo alichokabidhiwa Isis ni ini.

Vitu vya kuvutia kuliko vyote, kwangu mimi, ni mawe madogo yanayomwonyesha Horus mtoto amesimama juu ya mamba huku ameshika nyoka na nge mikononi. Yamejaa maandishi ya uponyaji mbele na nyuma, na jiwe la Metternich ni la aina hiyo hiyo. Aliyeumwa na nyoka au nge hakuhitaji kujua kusoma. Maji yalimwagwa juu ya jiwe, yakapita katika maandishi yale, yakakingwa chini na kunywewa. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atakumbuka kombe, na ingawa imani mbili hizo hazina nasaba moja, atalielewa wazo la maandishi yanayonyweka kwa haraka kuliko wengine. Mgonjwa alijiona ni Horus, na mama yake Horus akawa mama yake.

Mto nao uliingizwa katika huzuni yake. Nyota angavu ambayo Wamisri waliiita Sopdet, na ambayo Isis alihusishwa nayo, ilipoonekana tena alfajiri katikati ya kiangazi, mafuriko ya Nile yalikuwa yamekaribia. Na Pausanias, Mgiriki wa karne ya 2 B.K., ameandika kwamba Wamisri waliyataja machozi ya Isis kuwa ndiyo yaliyoujaza mto. Maji ya mafuriko yale, kwa kweli, yalitoka zaidi katika nyanda za juu za Ethiopia, wakati yale ya Ziwa Victoria yaliufanya mto usikauke mwaka mzima.

Majina ya watu ni ushahidi mwingine. Wagiriki wa Misri waliwaita watoto Isidoros na Isidora, yaani zawadi ya Isis, na jina hilo liliingia katika Ukristo, likabebwa na watakatifu, hata leo wapo akina Isidori katika parokia za Tanzania wasiojua kwamba wanatembea na jina la mungu wa Misri.

Mfuate nje ya mipaka, kisha umalizie Philae

Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 K.K., aliona kwamba miungu mingine ya Misri ilikuwa na maeneo yake, lakini Isis na Osiris waliabudiwa na Wamisri wote. Baada ya Aleksanda Mkuu kuiteka Misri, Isis alivuka bahari pamoja na wafanyabiashara. Hapo utamkuta amebadilika: gauni la Kigiriki lenye fundo kifuani, nywele za mawimbi, chombo cha kutikiswa kinacholia kama kayamba mkononi, na ndoo ndogo ya maji. Ukimtafuta kiti kichwani hutakiona, kwa hiyo katika sanamu za Kirumi liangalie lile fundo la kifuani na chombo kile. Mabaharia walimchukua kuwa mlinzi wao, na tarehe 5 Machi ya kila mwaka Warumi waliisukuma baharini merikebu iliyowekwa wakfu kwake ili kufungua msimu wa safari. Hekalu lake la Pompeii, lililofunikwa na majivu ya Vesuvius mwaka 79 B.K., lilifukuliwa kuanzia mwaka 1764. London nako lilikuwapo moja, kwani mtungi uliookotwa Southwark una maandishi ya Kilatini yanayoutaja mji huo na hekalu la Isis.

Mara nyingi huulizwa kama picha ya Bikira Maria akimnyonyesha mtoto ilitokana na ya Isis na Horus. Ushauri wangu ni kutokimbilia jibu. Mfanano upo, na Wakristo wa Misri waliishi katikati ya picha hizo, lakini mama anayenyonyesha ni jambo linaloweza kuchorwa na taifa lolote, na wataalamu wamegawanyika. Anayeandika insha na aseme hivyo, kisha aendelee.

Mahali pazuri pa kumalizia ni Philae, karibu na Aswan, kusini mwa Misri. Hekalu unaloliona leo lilijengwa zaidi na wafalme wa ukoo wa Ptolemy, waliotawala Misri baada ya Aleksanda, na waumini wake wa mwisho walitoka kusini, katika Nubia. Sheria za dola ya Rumi zilipokwisha kuyafunga mahekalu mengine, Wablemi na Wanobadi waliendelea kuja, na mapatano ya mwaka 453 yaliwaruhusu hata kuiazima sanamu ya Isis, waende nayo kwao na kuirudisha. Kaizari Justinian alilifunga hekalu kati ya mwaka 535 na 537, na ukumbi wake ukawa kanisa la Mtakatifu Stefano. Bwawa la kwanza la Aswan, lililokamilika mwaka 1902, liliacha kisiwa kikizama sehemu kubwa ya mwaka, na katika miaka ya 1970 UNESCO iliyasimamia majengo yale yakivunjwa jiwe kwa jiwe na kuhamishiwa kisiwa jirani cha Agilkia, ambako yalifunguliwa tena mwaka 1980.

Ukibahatika kufika, utavuka kwa mashua. Zitazame kuta kwa utulivu: nyuso nyingi za miungu zimetobolewa kwa patasi, na misalaba imechongwa katika mihimili ya milango. Kisha nenda kwenye Lango la Hadrian, utafute umbo la mungu wa Kinubi aitwaye Mandulis. Kando yake kuna maandishi yaliyochongwa bila ustadi mkubwa tarehe 24 Agosti mwaka 394, nayo ni ya mwisho kabisa ya hieroglifi, yaani maandishi ya picha ya Misri, yanayojulikana. Aliyeyachonga alikuwa kuhani, naye alijitambulisha kwa cheo chake, kuhani wa pili wa Isis, kwa wakati wote na milele.